Wahudumu walisaini, na mkaguzi bado akaandika kasoro

"Ninasimamia makao ya utunzaji wa muda mrefu yenye wakazi zaidi ya hamsini, wengi wao wazee na wachache vijana wenye ulemavu. Kila baada ya miezi michache unakuja waraka mpya: mara dawa, mara idadi ya wauguzi, mara wageni. Mwaka jana masharti ya reli za kitanda, vile vyuma vya pembeni vinavyopandishwa, yalibadilika. Niliandika sera mpya, nikaitisha mafunzo, kila mhudumu akasaini. Juzi wakaguzi wamekuja na kutuandikia kasoro kwenye jambo hilohilo, kwa sababu mhudumu wa usiku alipoulizwa alieleza utaratibu wa zamani. Mwenye makao anataka tununue programu ya kompyuta ya kufuatilia kanuni, au tumlipe mtaalamu atuandikie sera zote upya. Naogopa tutalipa, kisha mwakani tuandikiwe tena. Makao ya ukubwa wetu yaendeje na mabadiliko haya bila wahudumu kuwaacha wakazi wakashinda wanajaza makaratasi?"

Pole kwa yaliyokukuta, ndugu meneja. Kuandikiwa kasoro kwenye jambo ulilolishughulikia kwa bidii kunauma kuliko kuandikiwa ulilolisahau. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninachokiona ni hiki: habari ya mabadiliko ilikufikia kwa wakati, na sera uliiandika. Kamba ilikatikia mbele ya hapo, mahali fulani kati ya faili lako na kitanda cha mkazi. Programu ya kompyuta ingekuletea habari ambayo tayari ulikuwa nayo. Mwandishi wa sera angekuandikia kitu ambacho tayari ulikiandika. Kwa hiyo hofu yako ya kulipa na kuandikiwa tena ni ya haki kabisa, na kabla ya fedha kutoka tuangalie kwanza kamba ilikatikia wapi.

Nianze na saini, kwa kuwa ndiyo inayowadanganya mameneja wengi. Saini kwenye karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba mtu alikuwa chumbani siku ile. Haithibitishi kwamba alielewa, wala kwamba ataweza kutenda tofauti na alivyozoea kwa miaka. Wakaguzi wanalijua hilo, ndiyo maana siku hizi wengi hawaanzi na faili. Wanatembea, wanatazama, wanamuuliza mhudumu aliye zamu na mkazi mwenyewe, halafu ndipo wanafungua makaratasi kuona kama yanafanana na walichokiona. Ukijiandaa kwa ukaguzi wa faili, unajiandaa kwa ukaguzi ambao haufanyiki tena.

Sasa fuata njia ya hizo reli. Masharti ya namna hii kwa kawaida yanataka mambo manne: mkazi atathminiwe mahitaji yake, njia nyingine zijaribiwe kwanza, hatari zielezwe kwake au kwa anayemwakilisha, na ridhaa ipatikane kabla reli hazijapandishwa. Ni maneno machache kwenye waraka. Lakini ili yafike kitandani saa nane za usiku, hebu tazama ni vitu vingapi vinapaswa kubadilika. Fomu ya kumpokea mkazi mpya iwe na swali hilo. Mpango wa matunzo wa kila mkazi uliopo uandikwe upya, maana hao waliokwisha kulala na reli zimepandishwa kwa mwaka mzima hawatajitathmini wenyewe. Kuwe na kitanda kinachoshuka chini au godoro la pembeni, la sivyo "njia nyingine" ni maneno matupu. Fundi apime nafasi iliyo kati ya godoro na reli. Karatasi ya makabidhiano ya zamu itaje nani anazo na kwa nini. Na familia zielezwe, kwa sababu binti anayekuja jioni na kuona kitanda cha mama yake hakina vyuma atamwambia mhudumu avipandishe, na mhudumu atatii.

Ni rahisi kusema mhudumu wako wa usiku alipuuza mafunzo. Mimi ningemchunguza kwa jicho lingine. Je, fomu aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa mpya au ni nakala ya zamani iliyobaki kwenye droo ya zamu ya usiku? Aliyemkabidhi zamu alimwambiaje? Mafunzo yalifanyika saa ngapi? Mara nyingi hufanyika mchana, na watu wa usiku huitwa wakiwa hawajalala, wakasaini, wakarudi nyumbani. Ukizipata kweli za maswali hayo matatu, nadhani utakuwa umepata palipokatika.

Kuna sababu nyingine ya mafunzo kutoshika, nayo ni kufundisha amri bila sababu yake. Mhudumu mwenye roho nzuri anaamini reli zinamkinga mzee asianguke. Ukimwambia tu "zimekatazwa", moyoni atakuona unamhatarisha mzee kwa ajili ya makaratasi, na usiku akiwa peke yake atafuata moyo wake. Mwambie kinachotokea. Mzee mwenye kuchanganyikiwa huamka akitaka kwenda chooni, hukuta kizuizi, hujaribu kukipanda, na huanguka kutoka juu zaidi kuliko ambavyo angeanguka kama kizuizi hakingekuwapo. Au huteleza kati ya godoro na chuma, kichwa au kifua kikabanwa, na hana nguvu za kujinasua. Nchini Marekani, kati ya 1985 na mwanzoni mwa 2009, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilipokea taarifa za matukio 803 ya watu kunaswa kwenye reli za vitanda. 480 kati yao walifariki. Mwaka 2006 mamlaka hiyo ilitoa mwongozo unaotaja sehemu saba za kitanda ambamo mwili unaweza kunaswa. Mhudumu akishaoneshwa sehemu hizo kwa mkono, kwenye kitanda halisi cha makao yenu, hahitaji kukariri sera. Anapoona pengo, linamshtua.

Hivi ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya kanuni zetu: nyuma yake kuna mtu aliyeumia. Sheria ya Marekani ya 1987 iliyompa mkazi haki ya kutofungwa wala kutulizwa kwa dawa kwa ajili ya urahisi wa wahudumu ilitokana na miaka ya malalamiko kuhusu wazee waliofungwa kwenye viti. England, tangu tarehe 6 Aprili 2024, kanuni inayataka makao yamwezeshe mkazi kupokea wageni, na hiyo imezaliwa na uchungu wa familia zilizozuiwa mlangoni wakati wa korona. Unapopokea waraka, tafuta kwanza ni madhara gani unataka kuyazuia. Ukilijua hilo, utajua pia kipengele gani ni moyo wa kanuni na kipi ni cha kupangia makaratasi tu, na utajua nguvu zako chache uziweke wapi.

Jambo la pili linalochosha makao kama yenu ni kuchukulia kila karatasi inayoingia kama amri ya kesho asubuhi. Zitenge ngazi. Ipo sheria iliyopitishwa na bunge. Zipo kanuni zinazotungwa chini yake. Upo mwongozo ambao wakaguzi hupewa kuwaeleza namna ya kuipima kanuni. Na upo ushauri mwema usiofunga mtu. Watu huvizia sheria mpya na kusahau ngazi ya tatu, ilhali hapo ndipo mambo mengi hubadilika kimyakimya. Marekani, kwa mfano, ilianza kutumia mwongozo mpya wa wakaguzi wa makao tarehe 28 Aprili 2025, na maana ya ukaguzi ikabadilika katika mambo mengi huku kanuni zenyewe zikibaki zilezile. Tafuta mwongozo wa wakaguzi wa mamlaka inayokusimamia. Pengi huwa wazi kwa umma, na ndani yake utakuta maswali atakayokuja nayo mkaguzi, karibu neno kwa neno.

Kisha tenga tarehe. Waraka una siku ya kutangazwa, siku ya kuanza kutumika, na mara nyingine sehemu zake huanza kwa nyakati tofauti. Kanuni kubwa ya makao ya Marekani ya 2016 iligawanywa katika awamu tatu: Novemba 2016, Novemba 2017 na Novemba 2019. Australia nayo iliyataka makao yafikishe wastani wa dakika 200 za huduma kwa kila mkazi kwa siku kuanzia Oktoba 2023, kisha 215 kuanzia Oktoba 2024, na sheria yake mpya ya huduma kwa wazee iliyokuwa ianze Julai 2025 ikasogezwa hadi tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Aliyeandika tarehe moja tu kwenye kalenda yake alikimbia bure au alichelewa.

Na kanuni hurudi nyuma pia. England ililazimisha chanjo ya korona kwa wanaofanya kazi ndani ya makao kuanzia tarehe 11 Novemba 2021 na ikaifuta tarehe 15 Machi 2022. Marekani ilitangaza mwaka 2024 kiwango cha chini cha saa 3.48 za huduma ya uuguzi kwa mkazi kwa siku. Mahakama ya shirikisho huko Texas ikakibatilisha Aprili 2025, na Julai bunge likazuia kisitekelezwe hadi 2034. Lakini tangazo lilelile la 2024 lilikuwa na sharti jingine, kwamba kila makao yatathmini mahitaji ya wakazi wake na kupanga wahudumu kwa kufuata tathmini hiyo. Sharti hilo lilianza Agosti 2024 na halikuondoka na kile kiwango. Kwa hiyo ukisikia "ile kanuni imefutwa", usilitupe faili zima. Soma ni kipengele gani kimefutwa.

Sasa kazi yenyewe, kwa makao ya ukubwa wako. Mteue mtu mmoja awe mwenye jukumu la mabadiliko, na msaidizi wake wa kumshikia akiwa likizo. Asiwe wewe. Muuguzi mwenye utulivu wa kusoma na mdomo wa kueleza anafaa zaidi, ilimradi apewe saa zake ndani ya ratiba ya zamu. Ukimwongezea kazi hii juu ya zamu iliyojaa, umeiua siku ya kwanza. Kila wiki, siku ileile, apitie tangazo la serikali, tovuti ya mamlaka na barua pepe ya makao. Asisubiri habari za kuambiana.

Awe na daftari moja la mabadiliko, la karatasi au la kompyuta, haidhuru. Kila badiliko liwe na mstari wake: limebadilika nini, kwa maneno yenu wenyewe, sentensi moja, linaanza lini, linamgusa nani, kuanzia jikoni na kufua hadi fundi, karatasi gani ya zamani inaondolewa, nani atakwenda kuangalia kwa macho kama linafanyika, na ameangalia lini. Hizo sehemu tatu za mwisho ndizo ninazozikuta tupu kila ninakoitwa. Makao huongeza na kuongeza, hayaondoi. Fomu ya zamani ikibaki kwenye droo, mtu ataitumia, maana mkono unaijua. Siku fomu mpya inapoanza, mtu apite kila droo, kila ukuta, kila kompyuta ya zamu, aikusanye ile ya zamani na kubakiza nakala moja kwenye kumbukumbu.

Hapo ndipo pia penye jibu la swali lako la makaratasi. Kabla ya kuanzisha fomu mpya, uliza kama swali moja lililoongezwa kwenye fomu iliyopo halitoshi. Mara nyingi linatosha. Nimeona mhudumu akiandika kwamba mkazi amegeuzwa kitandani mahali patatu tofauti, kwa sababu kila waraka ulikuja na karatasi yake na hakuna aliyekaa kuziunganisha. Muda ule ulikuwa wa mkazi. Waite wahudumu wawili wenye uzoefu, waweke fomu zote mezani, wakuoneshe zinazorudia jambo moja. Watakushangaza kwa wanavyozijua.

Kuhusu kufundisha, acha mkutano mrefu wa mara moja. Chukua dakika kumi kwenye makabidhiano ya zamu, yakiwemo makabidhiano ya usiku, na ufundishe jambo moja kwa kulitenda kitandani. Kisha, baada ya wiki moja au mbili, mtu apite na kuuliza kwa upole akiwa kazini: "Mama wa chumba cha kona anaomba reli ipandishwe usiku. Utafanya nini?" Akijibu vizuri, andika. Akikwama, mfundishe palepale na uandike hivyo pia. Daftari linaloonesha watu waliokwama wakasaidiwa lina uzito mkubwa mbele ya mkaguzi mwaminifu kuliko orodha ya saini zote kamili. Wakumbuke wahudumu wa muda wanaoletwa na mawakala. Hao hawakuwepo kwenye mafunzo yoyote yenu, na usiku ndipo huwa wengi. Waandalie ukurasa mmoja wanaousoma na kuelezwa kabla ya kuingia vyumbani.

Tuje kwenye yale mawili anayoyataka mwenye makao. Programu ya kufuatilia kanuni ina faida ya kweli kwa kampuni yenye makao mengi katika majimbo au nchi mbalimbali, ambako hakuna mtu mmoja awezaye kusoma kila kitu. Kwa makao mamoja chini ya mamlaka moja, itakuletea taarifa nyingi ambazo robo tatu hazikuhusu, na baada ya miezi mtaanza kuzifuta bila kuzisoma. Haitajua kwamba fomu ya zamani iko kwenye droo. Nisingeinunua sasa. Nikiwa na fedha hizo ningelipa saa za yule muuguzi mwenye daftari.

Sera zilizoandikwa na mtu wa nje ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi, na mwenye makao anapaswa kulielewa hili. Mkaguzi hukupima kwa kanuni, na hukupima pia kwa sera yako mwenyewe. Sera ya kununua huandikwa kwa ajili ya makao yoyote, mara nyingi kwa lugha ya fahari: "kila mkazi atakaguliwa kila saa na muuguzi aliyesajiliwa". Pengine kanuni haikudai hivyo. Lakini umeahidi kwa maandishi, hutekelezi, na sasa una kasoro uliyoinunua kwa fedha zako. Sera iwe fupi, ieleze mnachokifanya kweli, na iandikwe na watu watakaoitenda.

Mtaalamu wa nje ana kazi nyingine anayoifaa vizuri, nayo ni macho mapya. Mlipe kwa siku chache aje afanye ukaguzi wa majaribio, pamoja na usiku na mwisho wa juma, na akuandikie alichokiona. Kabla ya kumkubali, muulize kama atakaa na wahudumu wa usiku. Akisema atapitia faili tu, mwache. Na ipo njia ya gharama ndogo kuliko zote ambayo haikutajwa kwenye barua yako: ungana na makao mengine mawili matatu ya ukubwa wenu, mgawane kusoma nyaraka, na mkaguliane. Macho ya jirani huona kile ambacho wewe umekizoea. Udhaifu wake ni kwamba mkikosea tafsiri mnaikosea wote, kwa hiyo jambo zito mlithibitishe kwa mamlaka yenyewe.

Wengi huogopa kuiuliza mamlaka kwa kudhani watajivutia ukaguzi. Mkaguzi anayepokea swali lililoandikwa vizuri huona makao yanayojitahidi. Uliza kwa maandishi, taja kifungu, eleza mnavyokielewa, omba wathibitishe, na uhifadhi jibu pamoja na tarehe yake. Jibu hilo litakusaidia mkaguzi mwingine akija na tafsiri tofauti.

Yapo mambo ambayo ushauri wangu wa maandishi hautoshi. Mkipewa notisi ya kuzuiwa kupokea wakazi wapya, ya faini au ya kuondolewa leseni, tafuta wakili anayejua sheria za afya siku hiyohiyo, kwa kuwa siku za kukata rufaa ni chache na hazisubiri. Masuala ya moto, umeme na maji yanahitaji mtaalamu afike aone jengo. Mabadiliko ya dawa za kutuliza yapitiwe na daktari na mfamasia mkazi kwa mkazi. Meneja asimwondolee mtu dawa kwa sababu ya waraka. Na mkazi akiumia au ukihisi ananyanyaswa, mlinde kwanza na utoe taarifa mara moja kwa mamlaka zinazohusika, bila kusubiri uchunguzi wenu wa ndani ukamilike. Baadhi ya nchi huhesabu muda huo kwa saa. Marekani ni saa mbili kwa tuhuma za unyanyasaji.

Naomba pia, kwa uzito wote, mtu asithubutu kujaza rekodi za nyuma ili zionekane kamili. Kilichosahauliwa kiandikwe kwa tarehe na saa halisi ya kuandikwa, kikielezwa kwamba kimechelewa. Kasoro ya rekodi iliyokosekana hurekebishika. Rekodi ya uongo huwavua wauguzi leseni zao, na inamwacha mkazi na historia ya matibabu ambayo haikutokea.

Kama bado hujawasilisha mpango wa marekebisho wa kasoro hii, angalia tarehe ya mwisho kabla ya jambo lolote. Usiandike tena "wahudumu wote watafundishwa upya", kwa sababu ndivyo mlivyofanya na haikufaa, na mkaguzi anakumbuka. Andika mlichomfanyia yule mkazi aliyehusika. Mlivyowatafuta wengine wote wanaolala na reli na kuwatathmini mmoja mmoja. Fomu gani imeondolewa kwenye zamu ya usiku na nani aliikusanya. Nani atapita usiku kuuliza na kutazama, mara ngapi kwa wiki, na kwa miezi mingapi. Na matokeo hayo yatapelekwa kikao gani. Weka tarehe mnazoziweza. Mpango wenye tarehe za kujipendekeza utawarudia, kwa maana wakaguzi watakuja siku hizohizo mlizoziandika. Na kabla ya kuutuma, mpe yule mhudumu wa usiku ausome, akuambie ni lipi haliwezekani akiwa peke yake na wakazi ishirini.